Mkwe Kando ya Kitanda

Maige aliishi na binti wa kijiji cha Mbalibali karibu miaka sita bila kuuona uso wa mama mkwe wake sawasawa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza ni mila. Kwa wakwe zake, ambao ni Wakurya, mwanaume na mama wa mke wake hawakai benchi moja, hawashikani mikono, na chakula kikitengwa mmoja wao anatafuta pa kwenda. Pili, mama mwenyewe, Rahabu, alikuwa anatembea na kitenge alichokizungusha kuanzia chini ya macho hadi shingoni. Ndani ya kitenge hicho shavu la kushoto lilikuwa limetokeza kama la mtu aliyeweka kiazi kizima mdomoni akasahau kukitafuna.

Maige si mtu wa Mara kwa kuzaliwa. Ni Msukuma wa upande wa Kahama, aliyekuja Nyamongo angali kijana, akimfuata kaka yake kwenye dhahabu. Kaka aliuchoka uchimbaji akarudi kulima mpunga. Maige akabaki Kerende, hapo hapo Nyamongo, na nyundo yake na tindo lake, akishuka kwenye duara, shimo la wachimbaji, asubuhi na kupanda jioni amejaa vumbi hadi kwenye kope. Sisi majirani zake tulimzoea kama mtu wa kusema kidogo. Ukimuuliza habari anajibu nzuri, hata siku ile jiwe lilipompasua ukucha.

Mke wake, Esta, alimpata hapo hapo Kerende. Msichana huyo alikuwa amekuja kumsaidia shangazi yake kupikia wachimbaji, na Maige alikuwa mteja asiyelalamika. Walipooana, wakajenga chumba na sebule karibu na barabara, wakamzaa mtoto wa kike wakamwita Wegesa. Tangu hapo Rahabu hakumwita tena mkwe wake kwa jina. Alimwita baba Wegesa, na salamu aliituma kupitia kwa Esta au kupitia ukutani.

Uvimbe ulikuwa umeanza zamani, Rahabu akiwa bado mama wa nguvu, analima mtama na mahindi, anaongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya Wasabato. Lilianza jino kulegea bila kuuma. Mtu mmoja gulioni alimng'oa kwa koleo. Jino likatoka, uvimbe ukabaki, na kila msimu wa mavuno ukawa mkubwa kuliko msimu uliopita. Walikuwepo waliosema amerogwa kwa sababu ya shamba la marehemu mume wake. Walikuwepo waliomchanja chale na kumpaka dawa nyeusi. Wachungaji waliomba. Uvimbe haukuwa unauma sana, na hilo ndilo lililomponza, maana kwetu kisichouma hakipelekwi hospitali. Akaacha kwaya. Akaacha kula mbele za watu. Halafu akaacha kwenda mahali popote ambapo angelazimika kufungua kitenge.

Mwaka ule Esta alipokuwa mjamzito wa mtoto wa pili, madaktari wa meno walifika kupima watu kwenye kituo cha afya. Jirani mmoja alimburuta Rahabu hadi pale. Daktari kijana alimfungua kitenge, akatazama, akampigia mwenzake simu, kisha akamwambia aende Mwanza kwenye hospitali ya rufaa bila kuchelewa. Taya lilikuwa limeliwa kwa ndani. Asubuhi moja angeweza kutafuna ugali likavunjika.

Mwanza alikwenda mara ya kwanza na Esta, tumbo bado dogo. Walipigwa picha, wakachukua kipande cha nyama kupima, wakapewa siku ya kurudi. Majibu yalikuwa mazuri kwa namna yake. Haikuwa saratani. Ila ni uvimbe usioacha kula mfupa, na dawa yake ni kisu. Daktari Method, mtaalamu wa taya, alieleza mbele ya mama na binti kwamba watatoa upande wote wa kushoto wa taya la chini, kisha watachukua mfupa mwembamba wa mguuni, ule wa upande wa nje, na kuuchonga uwe taya jipya. Wangechukua pia kipande cha ngozi ya mguu wa Rahabu na mishipa yake ya damu.

"Na mguu?" Rahabu aliuliza.

"Utatembea, mama. Mfupa mkubwa unaobeba mwili unabaki."

"Basi chukua. Mguu wangu haujawahi kunitia aibu."

Siku ya upasuaji ilipopangwa, ikaangukia wakati ambao Esta angekuwa anakaribia kujifungua. Presha yake ilikuwa inapanda, na wauguzi wa kliniki walimkataza safari ndefu. Hapo ndipo lilipokuja swali la nani ataenda kumuuguza mama. Dada za Rahabu wamekwisha kufa. Mwanawe wa kiume, Gidion, anafanya kazi ya upishi kwenye kambi ya watalii ndani ya mbuga, na alikuwa amepewa siku chache tu za ruhusa. Daktari alikuwa amesema mgonjwa atakaa wodini wiki nyingi, na lazima awepo mtu mmoja wa kudumu, wa kumlisha na kumsafisha mdomo.

Kikao kilifanyika Mbalibali, nyumbani kwa Rahabu. Aliyekiongoza ni Mzee Magige, mdogo wa marehemu mume wake. Maige alikuwa amemleta mke wake kwa pikipiki, na kama ilivyo desturi alikaa mbali, kando ya zizi, amewapa mgongo. Aliyasikia majina yakitajwa na kukataliwa. Huyu ana watoto wachanga. Yule hajui hata kusoma kibao cha mlangoni. Mwingine alifiwa juzi. Majina yalipokwisha, Maige alisimama akasema, bila kugeuka, "Mimi nitaenda."

Mzee Magige alidhani hakusikia vizuri. Alipohakikisha amesikia, alisema, "Mura, kijana wangu, wewe ni mkwe. Utamlishaje mama wa mke wako? Utamfungua mdomo kwa mkono gani? Hilo halijawahi kutokea kwenye mji huu."

"Mjini kwenu mkikosa mtu, mnafanyaje?" Maige aliuliza.

"Tunatafuta."

"Tafuteni. Mkikosa, mimi nipo."

Walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Ndipo Rahabu alipozungumza kutoka ndani ya nyumba. Maneno yake yalikuwa yanatoka yamebanwa na ule uvimbe, na ilibidi wote wanyamaze ili wamsikie.

"Shemeji," alisema, "nikifa leo, huyu baba Wegesa mtampa jembe achimbe kaburi langu pamoja na vijana wengine. Mkono wa jembe mnaukubali. Wa kijiko mnaukataa. Mimi nataka kupona."

Mzee Magige aliomba muda, akazungumza na wazee wenzake pembeni, na jioni akachinjwa kondoo, yakasemwa maneno ya kuomba njia ifunguliwe. Mchungaji naye alikuja akaomba kwa namna yake. Gharama tuziache, ng'ombe walitoka zizini na kanisa likachangia, kama inavyokuwa kwa kila familia yenye mgonjwa.

Walisafiri kutoka Mugumu kwa basi la asubuhi. Rahabu alikaa mbele karibu na dereva, Maige nyuma kabisa, na Bunda walipopumzika alimtumia maji kupitia kwa kondakta. Hospitalini muuguzi wa zamu, Sista Eufrasia, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimuuliza Maige, "Wewe ni nani wa mgonjwa?" Maige alifungua mdomo, akaona aibu kueleza. Kabla hajasema, Sista alikuwa ameshajijibu. "Mwanaye. Vizuri. Vijana wa kiume wanaowauguza mama zao siku hizi ni wachache." Tangu hapo wodi nzima ikamjua hivyo.

Gidion alifika siku moja kabla ya upasuaji, akatoa damu. Asubuhi Rahabu alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika Gidion mkono, kisha akamtazama Maige kwa macho tu. Kitenge kilikuwa kimebaki kwenye mfuko aliopewa Maige ashike. Maige alitazama sakafu hadi mlango ukafungwa.

Ulikuwa upasuaji wa kutwa nzima. Wanaume hao wawili walikaa kwenye benchi la nje, wakanywa chai, wakaiacha ikapoa, wakanunua nyingine. Gidion alimweleza shemeji yake mambo ambayo Maige hakuwahi kuyasikia: kwamba mama yake alikuwa mcheshi, kwamba alijua kuigiza sauti ya kila mchungaji aliyepita pale kanisani, na kwamba yeye Gidion alichagua kazi ya mbali kwa sababu hakuweza kumtazama akila peke yake nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa namtumia vitu," Gidion alisema. "Sukari, mafuta. Mwenyewe siji."

"Umekuja," Maige akamjibu.

Jua lilikuwa limeelekea kuzama Daktari Method alipotoka. Uvimbe umetoka wote, alisema. Mfupa umekaa. Sasa kazi ni kuangalia kama damu inapita kwenye nyama iliyohamishwa. Isipopita, kipande kinakufa. Kesho yake ndivyo ilivyotaka kuwa. Wauguzi wa wodi ya uangalizi maalumu, waliokuwa wanaichungulia nyama hiyo saa baada ya saa, waliona rangi yake inageuka kuwa ya zambarau. Rahabu akarudishwa chumba cha upasuaji. Mshipa ulikuwa umeziba kwa bonge la damu. Waliuzibua, wakaushona upya, na mchana rangi ikarudi.

Siku iliyofuata waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Gidion aliingia wa kwanza. Alimwona mama yake kichwa kimevimba mara mbili, mpira unaingia puani, tundu la kupumulia liko kooni, nyuzi zinapita kutoka mdomoni hadi chini ya sikio. Alitoka nje akakaa chini ukutani. Siku za ruhusa yake zilizobaki alizimaliza uani, anafua shuka na kanga za mama yake, anaanika, anakunja. Kurudi ndani hakuweza. Alipoondoka aliacha nguo zote zimekauka, na Maige anasema hakuwahi kuona mtu akifua vizuri vile.

Kisha Rahabu akahamishiwa wodi ya kawaida ya wanawake, na kazi ya Maige ikaanza.

Kumwogesha walimwogesha wauguzi, wakisaidiwa na Theodora, mama wa Ukerewe aliyekuwa anamuuguza dada yake kwenye kitanda cha jirani. Hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa chakula. Rahabu hakuweza kula kwa mdomo. Uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa vilipitishwa kwenye mpira wa puani, kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Mlishaji analishika bomba juu, anamimina, chakula kinashuka chenyewe taratibu. Siku za mwanzo Theodora alifanya kazi hiyo pia. Maige aliandaa uji, akauchuja, akamkabidhi, akatoka nje. Dada yake Theodora aliporuhusiwa, wakaondoka wote.

Mchana wa siku hiyo Maige alikaa kando ya kitanda na kikombe cha uji. Rahabu aligeuzia kichwa ukutani. Hakuweza kuongea kwa sababu ya tundu la kooni, ila mkono wake ulikuwa umefunika ule mpira, na maana yake ilikuwa wazi. Uji ulipoa. Sista Eufrasia alipita akauona.

"Mama hajala?"

"Bado," Maige akasema.

"Chakula hiki ni dawa. Nyama mpya ile inakula kupitia yeye. Asipokula, haishiki. Mlishe."

Alipoondoka, Rahabu alitoa mkono kwenye mpira, lakini hakugeuka. Maige naye alifikiri, akakigeuza kiti chake kikatazama dirisha. Akainua bomba, akapapasa mpira, akaunganisha, akamimina uji huku macho yake yako nje, kwenye paa la jengo la pili ambako mafundi walikuwa wanapiga bati. Alilisha hivyo mchana huo, na jioni, na kesho yake asubuhi. Wagonjwa wengine walimtazama, wakanong'ona. Sista alipomkuta alisimama mlangoni muda mrefu.

"Baba, unamlisha mama au unalisha dirisha?"

Maige akaenda kuosha kikombe. Mchana bomba likachomoka. Yeye alikuwa anatazama bati, hakujua, akaendelea kumimina. Uji ukateremka shingoni kwa Rahabu, ukaingia chini ya bandeji, karibu kabisa na tundu la kupumulia. Rahabu alikohoa, kifua kikaanza kupiga. Wauguzi wawili walikuja wakikimbia, wakavuta uchafu kwa mashine, wakabadilisha bandeji. Sista Eufrasia hakupaza sauti. Alimwita Maige pembeni akamwambia, "Ukitaka kumuua mama yako, endelea kutazama nje."

Maige alirudi kwenye kiti. Anasema aliogopa kuliko siku aliyowahi kufukiwa na kifusi hadi kiunoni. Alitaka kuomba msamaha na hakujua aanzie wapi, kwa mtu ambaye hata salamu alikuwa anampa kupitia ukutani. Akiwa ameinamisha kichwa hivyo, alisikia kitu kinagonga mkono wake. Kilikuwa kidole cha Rahabu. Kiligonga mara moja, kikapumzika, kikagonga tena. Alipoinua macho, mama alikuwa amegeuka, amelala chali, na kidole hicho sasa kinaelekeza kwenye uso wake mwenyewe.

Basi Maige akatazama.

Aliona uso wa mama wa makamo, mweusi, macho makubwa kama ya Esta. Upande wa kulia ulikuwa umetulia. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba, unang'aa, na mstari wa nyuzi ulishuka kutoka kona ya mdomo, ukafuata ukingo wa taya, ukaishia chini ya sikio. Ndani ya mdomo, pale ulipoachia kidogo, ilionekana ngozi ya mguuni, ngeni kidogo kwa rangi. Lakini ukingo wa taya ulikuwepo. Ulikuwa mstari, kama wa mtu yeyote.

"Mama," alisema, "kile kitu hakipo tena."

Rahabu alifumba macho, akafumbua. Maige akaongeza uji mwingine kwenye kikombe, akaunganisha bomba, akamlisha akimtazama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Alijifunza kumsafisha mdomo kwa maji ya chumvi na pamba, kufuta mate yaliyokuwa yanachuruzika upande uliokufa ganzi, kumwinua akae, kumshika kwapani apige hatua na mguu uliofungwa. Walitengeneza lugha ya mikono. Kiganja juu ni maji. Vidole viwili ni mto umekaa vibaya. Ngumi ni Esta, maana Esta ni mkaidi tangu utotoni. Esta alijifungua salama, mtoto wa kiume, na picha yake ilipofika kwenye simu Rahabu alionyesha ngumi mbili.

Siku moja alichora duara hewani mbele ya uso wake. Maige alielewa, akasita. Sista Eufrasia, aliyekuwa anapima joto kitanda cha pili, alisema, "Mpe. Ataona leo au ataona kesho." Maige akawasha simu upande wa kujipigia picha, akaishika mbele yake. Rahabu alijitazama muda mrefu. Aligusa kidevu, akapitisha vidole pale ambapo miaka yote palikuwa na mlima. Machozi yalimtoka jicho la kulia kwanza. Halafu akauona ule mpira unaoning'inia puani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Maige aliogopa, akadhani anakohoa tena. Alikuwa anacheka.

Tundu la kooni lilipozibwa na sauti ikarudi, ilikuja nyembamba, yenye upepo. Sista Eufrasia alikuwepo, akamwambia, "Haya mama, mshukuru mwanao. Amekuuguza kuliko binti."

Rahabu alilamba midomo. Upande mmoja haukumtii.

"Ni mkwe," alisema.

Sista aliinama. "Umesemaje?"

"Mkwe wangu. Ameoa mwanangu."

Wanawake wengi pale walikuwa wametoka vijijini, na walijua neno hilo lina uzito gani. Mmoja aliweka mkono mdomoni. Sista Eufrasia alimtazama Maige, akalitazama dirisha, akaanza kuelewa. "Na sisi siku zote tunamwita mwanao."

"Endeleeni kumwita hivyo hivyo," Rahabu alisema. Kisha akaomba maji, na safari hii aliyanywa kwa kijiko, mengine yakimwagikia kidevuni, Maige akifuta.

Bado kulikuwa na kazi. Taya lilikuwa gumu. Lilifunguka kidogo tu, na mtaalamu wa mazoezi aliwapa vijiti bapa vya mbao, wavipange kimoja juu ya kingine katikati ya meno yaliyobaki, na kuongeza kila taya linapolegea. Ilikuwa inauma. Rahabu alikuwa anavitema vijiti na kumtukana mtaalamu kwa Kikurya baada ya mtaalamu kuondoka. Kwa kuwa Maige wakati huo alikuwa anakielewa Kikurya vizuri, ilibidi ajifanye hasikii. Siku nyingine Rahabu alikataa kabisa, akajifunika shuka, akasema amechoka kuwa mgonjwa. Maige hakumbembeleza. Alikaa na vijiti mkononi akamsimulia habari za Kahama, za mama yake mzazi aliyefariki Maige akiwa chini ya ardhi huku Nyamongo, taarifa ikamfikia mazishi yameshapita. Hakuwa amewahi kumsimulia mtu mwingine hilo. Shuka ikashuka, Rahabu akanyoosha mkono kuvichukua vijiti.

Walirudi nyumbani wakati mvua za vuli zimeanza. Gidion aliomba ruhusa kambini akaja kuwapokea Mugumu kwa gari la kuazima. Safari hii hakugeuka. Alimkumbatia mama yake pale stendi, akampima taya kwa macho kama mpishi anavyopima nyama, akasema, "Wamekuchonga vizuri." Rahabu akamwambia, "Mbona umekonda wewe uliye jikoni?"

Mbalibali watu walijaa uani. Alishuka bila kitenge usoni. Kovu lilikuwa bado jekundu na mdomo ulikuwa umelalia upande mmoja, na wapo waliotazama chini. Wegesa hakutazama chini. Mtoto huyo aliyemjua bibi yake kama macho mawili juu ya kitambaa alimzunguka, akasimama, akauliza, "Bibi, ulipigana na nani?"

"Na jino," Rahabu akamwambia.

"Nani alishinda?"

"Njoo ushike uone."

Mtoto akalishika taya, akalibonyeza, akaridhika, akaenda kucheza.

Mzee Magige alikuwa na wasiwasi wake. Jioni alimuuliza shemeji yake mila itakaaje sasa, maana njia iliyofunguliwa haiwezi kubaki wazi kama zizi lisilo na mlango. Rahabu alikuwa ameshalifikiria. Alisema baba Wegesa ni mkwe na atabaki mkwe. Hatakula naye, hatakaa naye mkeka mmoja. Lakini salamu atampa uso kwa uso. Mzee alitafakari akasema hilo linawezekana. Asubuhi Maige alipokuwa anaondoka kurudi Kerende, Rahabu alitoka hadi uani, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Wegesa. Nenda salama kwenye mashimo yako. Mvua hizi udongo unalainika."

Maige alirudi kazini. Tulimuuliza ilikuwaje Mwanza, akasema nzuri. Yote haya tuliyapata kidogo kidogo, mengine kwa Esta, mengine kwa Gidion alipopita, na mengine kwa Maige mwenyewe siku ambazo duara limejaa maji na hakuna la kufanya ila kukaa.

Mwaka uliofuata Rahabu aliitwa Mwanza kuwekewa meno ya bandia upande ule mpya. Alikwenda na Esta, mtoto mchanga mgongoni. Siku waliyokuwa wanarudi, Maige alikuwa juu ya ardhi anaponda mawe na wenzake, simu ikaita mfukoni. Alizima karasha, mashine ya kupondea mawe, ili asikie.

"Baba Wegesa, tuko Bunda," sauti ya Rahabu ilisema. "Unasikia?"

Maige alisikiliza. Kulikuwa na honi na kelele za wauza maji, na karibu zaidi, sauti nyingine ndogo ya kitu kinachosagwa.

"Nasikia honi, mama."

"Sio honi. Sikiliza vizuri." Ile sauti ikaendelea, pole pole, kisha ikanyamaza akameza. "Mahindi ya kuchemsha. Upande wa kushoto."

"Daktari amekuruhusu?"

"Amesema nianze na vitu laini. Haya ni machanga kabisa." Nyuma yake Esta alisikika akimwambia mama yake si heshima kula mbele ya mkwe, na Rahabu akamjibu kwamba mkwe yuko Kerende na yeye yuko Bunda, mbele iko wapi hapo. Kisha akarudi kwenye simu. "Nitanunua mengine niwaletee. Mke wako anasema basi linaondoka."

Simu ikakatika. Wenzake walimuuliza kuna nini nyumbani, mbona amesimama. Maige akawaambia kwamba mama anakula mahindi. Wakamtazama, wakasubiri aendelee. Aliwasha karasha, akachukua jiwe jingine.